Kukaanga Buni Nyumbani

Hotuba iliyosomwa Minago mbele ya mkutano wa jamaa

 Jambo liletwalo leo mbele ya mkutano huu si kubwa machoni pa watu. Halimo katika mambo ya madrasa wala ya ujenzi wa msikiti, wala halitahitaji kupitishwa bakuli la mchango. Ni jambo la jikoni, nalo ni kukaanga buni. Lakini mambo ya jikoni yana tabia ya kutoka nje na kuketi barazani, na yaliyoko barazani mara nyingi ndiyo yanayoamua nani jirani wa nani.

Mtu asimamaye Minago akaelekeza uso magharibi, huona ziwa la Tanganyika na ng'ambo yake milima ya Kongo. Akigeuka nyuma huona milima ya Burundi ikipanda kama ukuta. Uso wa ziwa uko kadiri ya mita 774 juu ya bahari, na joto la ukingoni halipatani na mbuni wa arabika, ambao hutaka baridi ya mita 1,200 hata 2,000. Ndiyo maana hapa chini, toka Minago hata Rumonge, mtu huona michikichi na mihogo, na kando ya maji mukeke na ndagala zilizoanikwa, lakini haoni mashamba ya kahawa. Apandaye mlima ndiye akutanaye nayo, yamechanganyika na migomba. Na kaskazini, upande wa Kayanza na Ngozi, ndiko yalikojaa zaidi.

Hivyo basi Minago imekaa chini ya paa la kahawa, nayo hunywa kahawa mbaya. Neno hilo ni zito, lakini wenye baraza wenyewe hulikiri pakiwa hapana mgeni. Kinachochemshwa mara nyingi ni unga wa mkebe uliokwisha kukaa dukani miezi isiyojulikana, au unga wa karatasi ambao hakuna ajuaye kama ni kahawa tupu au imetiwa mahindi yaliyounguzwa. Buni nzuri hupita juu ya vichwa vya watu, zikaenda Bujumbura, na kutoka huko zikaenda ng'ambo. Mwaka 2012 kahawa ya Burundi ilishindanishwa kwa mara ya kwanza katika shindano la mataifa liitwalo Cup of Excellence, na waonjaji wa nchi za mbali wakaipa sifa kubwa. Sifa hiyo ilifika Ulaya, Marekani na Japani kabla ya kufika Minago.

Sababu yake ni ya kale. Wabelgiji walipoishika nchi hii baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliona kwamba kahawa ndiyo itakayolipa kodi, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 kila mwenye mji alilazimishwa kupanda mibuni yake na kuitunza chini ya macho ya watawala. Asiyeitunza aliadhibiwa. Uhuru ulikuja tarehe 1 Julai 1962, na kwa miaka mingi baadaye kahawa iliendelea kuwa mletaji mkubwa wa fedha za kigeni. Lakini mkulima aliyelimishwa kahawa kwa amri hakufundishwa kuinywa. Alijua kuichuma, kuibeba na kuipima. Kuikaanga hakuambiwa, maana haikuwa yake. Hata leo wako watu wengi milimani waliozeeka kati ya mibuni bila kuonja kikombe cha buni zao wenyewe.

Kwa Mwislamu wa ukingo huu jambo hili lina uzito wa namna nyingine. Desturi ya nchi ni kwamba neno kubwa halikamiliki bila kinywaji. Posa hupelekwa na pombe, deni husamehewa juu ya pombe, na waliogombana hupatanishwa juu yake. Urwarwa wa ndizi au impeke ya mtama huwekwa katikati ndani ya chungu kimoja, na watu huinama wakanywa kwa mirija pamoja. Aliyeshika mrija amekubali; aliyeukataa amewakataa waliokaa naye. Mwislamu hawezi kuushika mrija ule. Jirani zake wanajua hivyo na wengi wao humheshimu kwa ajili yake. Lakini kujua ni jambo moja, na kukaa mikono mitupu mbele ya mtu aliyekuja kupatana ni jambo lingine. Nchi hii imepita miaka mibaya sana, 1972 na 1993 na iliyofuata. Wako waliokimbilia Kigoma wakakaa huko muda wa kizazi kizima, kisha wakarudi kwenye viwanja ambavyo wengine walikwisha kujenga. Mazungumzo ya namna hiyo hayafanywi kwa midomo mikavu. Mwenye nyumba hana budi kuweka kitu katikati, nacho kiwe kitu cha heshima, chenye kazi ndani yake, ambacho mgeni akikiona atajua kwamba amehangaikiwa.

Kitu hicho Waislamu wanacho tangu zamani, nacho ni kahawa. Asili ya mbuni wa arabika ni misitu ya kusini-magharibi ya Ethiopia, lakini kinywaji chenyewe kilijulikana ulimwenguni kwa kupitia Yemen. Huko, katika karne ya 15, masufi walikunywa ili usingizi usiwashinde katika dhikiri ya usiku. Katika kitabu chake cha karne ya 16 juu ya uhalali wa kahawa, Sheikh Abdulkadir al-Jaziri ameihifadhi habari ya jinsi walivyokunywa: usiku wa kuamkia Jumatatu na wa kuamkia Ijumaa, kahawa ikiwa katika chombo kikubwa cha udongo mwekundu, kiongozi wao akichota kwa kata ndogo na kumpa aliye kuliani, na huyo kumpa wa pili, hata duara ikatimia, huku wakimtaja Mola wao. Tazama jinsi mambo yanavyofanana na chungu cha milimani: chombo kimoja, duara moja, kila mtu na zamu yake. Ila hapa akili huamka pale ambapo kule hulala.

Haikupita bila ya ubishi. Mwaka 1511, sawa na 917 wa Hijra, alikuwako Makka mtu aitwaye Khair Beg, msimamizi wa masoko na adabu za watu. Usiku mmoja aliwakuta watu karibu na Msikiti Mtukufu wamejikusanya wakinywa kahawa, akashuku. Akakusanya wanazuoni, wakaletwa na matabibu wakaishuhudia vibaya, na kahawa ikapigwa marufuku. Buni zilizopatikana zikachomwa moto njiani. Habari ilipofika Misri kwa Sultani Qansuh al-Ghawri, jawabu lake halikukubali kinywaji chenyewe kiharamishwe. Lilikataza mikusanyiko ya ovyo tu, na Khair Beg hakukaa sana katika kazi yake. Buni zilizochomwa njiani bila shaka zilinukia mji mzima, na pengine harufu ile iliwatetea wanywaji kuliko fatwa.

Kutoka Yemen mbuni ulitembea kwa njia mbili, na njia zote mbili zimefika hapa. Ya kwanza ni ile ya kikombe: Waarabu na Waswahili waliotoka pwani wakapita Unyanyembe hata Ujiji, na kutoka Ujiji wakapanda na mitumbwi na majahazi ukingo wa mashariki wa ziwa, wakiwa na dele na vikombe vyao. Isifichwe kwamba njia ile ilikuwa pia njia ya pembe na ya watumwa. Aisimuliaye nusu yake hana haki ya kuisimulia. Ya pili ni ile ya mche. Mwaka 1715 Wafaransa walitoa mibuni Yemen wakaipeleka kisiwa cha Réunion, ambacho siku zile kiliitwa Bourbon. Kizazi chake kikachukua jina la kisiwa, na Bourbon hiyo ndiyo iliyoenea katika milima ya Burundi. Kwa hiyo buni zilizo juu ya Minago na dele lililo chini ni watoto wa nchi moja waliopotezana, wakakutana mwisho wa safari pasipo kutambuana.

Wala kupatana kwa buni si jambo la Waarabu peke yao. Wahaya wa Bukoba, kabla ya Mzungu, walichemsha buni changa za robusta pamoja na majani yenye harufu, wakazikausha, wakampa mgeni azitafune. Na watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana walichukua tunda moja la kahawa, ambalo ndani yake mna buni mbili zilizolaliana, kila mmoja akameza moja iliyotiwa damu ya mwenzake. Desturi ya damu si ya Kiislamu, lakini yaonyesha kwamba watu wa maziwa haya walijua tangu zamani kuwa buni ni kitu cha kufungia ahadi.

Sasa na ije kazi yenyewe.

Kwanza buni zinunuliwe kwa njia iliyo safi. Buni za magendo zimejaa mipakani, na bei yake huvutia, lakini mwenye kutaka kinywaji cha heshima hakianzi kwa kitu kilichofichwa chini ya magunia ya mihogo. Anunuaye azitazame kwa macho na pua. Buni nzuri mbichi ina rangi ya kijani iliyoelekea ubuluu, ngumu kwa jino, yenye harufu ya majani makavu. Iliyogeuka nyeupe au manjano imezeeka au imelala kwenye unyevu. Huku ziwani unyevu ni adui mkubwa, na buni mbichi ambazo milimani zingekaa karibu mwaka mzima, hapa huota ukungu upesi zikiachwa kwenye gunia juu ya sakafu. Ziwekwe ndani ya debe lenye kifuniko, juu ya meza, mbali na kuta zinazotoka jasho.

Kisha zichambuliwe juu ya ungo. Kazi hii hudharauliwa, na ndiyo inayotenga kahawa na kahawa. Nyeusi itolewe, iliyovunjika itolewe, yenye tundu la mdudu itolewe, na kijiwe kisiachwe kingojee jino la mzee. Katika Burundi na Rwanda kuna ila moja ambayo nchi nyingine hazina sana: ladha ya kiazi. Yuko mdudu, aina ya kunguni wa shambani aitwaye antestia, anayetoboa tunda likiwa juu ya mti, na buni iliyopatwa huweza kutoa harufu ya kiazi kibichi kilichomenywa. Buni moja yatosha kuharibu kikombe kizima. Haidhuru afya, ila huaibisha. Tena haionekani kila mara kwa macho, kwa hiyo mwenye kutwanga aweke pua karibu na kinu: akisikia kiazi, azimwage zile zilizomo kinuni tu, asizimwage zote. Wengi walioonja kikombe kimoja chenye ila hiyo wameapa kwamba kahawa ya nchi hii ni mbaya, kumbe walimhukumu mkulima kwa kosa la mdudu.

Chombo kifaacho ni kaango zito la chuma, au chungu kipana cha udongo. Nalo lisiwe kaango la ndagala wala la mawese. Sharti hili halina msamaha. Buni inyonyavyo harufu hakuna tena, na kahawa yenye kumbukumbu ya samaki haifai hata kwa mvuvi. Mwenye nguvu ya kununua kaango jipya alitenge kwa kazi hii tu, na watoto waambiwe.

Moto uwe wa makaa yaliyokwisha kushika katika mbabula, usiokuwa na moshi, wa kadiri. Kazi ifanywe nje au chini ya kipaa kilicho wazi, kwa kuwa moshi wa buni zikaribiapo kuiva huchoma macho na kifua. Buni zitiwazo mara moja zisizidi gramu 200, yaani konzi chache, zitandazike chini ya kaango bila kulaliana sana. Mafuta hayatiwi hata tone. Kisha mwiko uanze kwenda, na tangu hapo usisimame. Anayekaanga buni asiitwe, asitumwe, wala asisalimiwe na mtu anayependa mazungumzo marefu. Buni zilizoachwa nusu dakika upande mmoja huungua nje na kubaki mbichi ndani, na kikombe chake huwa kichungu na kichachu kwa wakati mmoja.

Dakika za kwanza hakuna kinachoonekana. Buni mbichi ina maji kadiri ya sehemu 10 hata 12 katika 100, na moto hauna budi kuyatoa kwanza. Harufu yake wakati huo ni ya nyasi zilizonyeshewa, wala haipendezi, na wanaoanza huvunjika moyo hapo. Kisha rangi hugeuka manjano, na harufu ikawa ya mkate. Baada ya manjano huja hudhurungi, na ngozi nyembamba iliyofunika buni huanza kubambuka: ndiyo makapi, nayo huruka hewani kama upepo ukiwepo. Ndani ya buni sukari na vitu vingine vinaungana kwa nguvu ya moto na kuzaa harufu nyingi zisizohesabika, ambazo katika buni mbichi hazikuwamo kabisa. Hii ndiyo ajabu yake. Harufu ya kahawa haikai ndani ya buni ikingoja kutolewa. Huzaliwa pale kaangoni.

Karibu na nyuzi 196 za moto buni hulia. Ni mlio wa wazi, kama bisi zianzapo kupasuka, moja, mbili, kisha nyingi pamoja. Buni imevimba, na mvuke uliofungwa ndani umetafuta njia. Mlio huu wa kwanza ni kengele: tangu hapo kahawa yanyweka. Anayependa kahawa nyepesi yenye uchachu mtamu, ambayo huonyesha vizuri zaidi sifa ya Bourbon wa milimani, aondoe mara mlio unapopungua. Anayetaka kahawa ya baraza, nzito, ya kuchemshwa na tangawizi, aendelee dakika moja au mbili, hata rangi iwe ile ambayo lugha ya Kiswahili imeipa jina kutokana na kinywaji chenyewe: kahawia iliyokolea. Akiendelea zaidi atasikia mlio wa pili, mwembamba na wa haraka, kama vijiti vikavu vinavyovunjwa, na buni zitaanza kung'aa kwa mafuta yake. Hapo ndipo mpaka. Kupita hapo ni kutengeneza makaa.

Wako wasemao kwamba kahawa nyeusi kabisa ndiyo yenye nguvu. Hao wameudhania uchungu kuwa nguvu. Kafeini, ambayo ndiyo iamshayo, haipunguzwi wala haizidishwi sana na moto. Iko kadiri ya sehemu 1.2 katika 100 kwa arabika, na karibu mara mbili ya hiyo kwa robusta. Anayetaka kukesha na abadilishe buni au aongeze kiasi, asiiunguze.

Kazi yote, toka kutia hata kutoa, huchukua kama robo saa. Zikishaiva zimwagwe upesi juu ya ungo, zirushwe na kupepetwa; makapi yataondoka na upepo wa ziwa na buni zitapoa. Zisiachwe ndani ya kaango, maana chuma chenye moto huendelea kuzikaanga baada ya mtu kwenda zake. Mwenye kupima ataona kwamba gramu 200 zimerudi kama 170, na huku zimeonekana nyingi zaidi kuliko mwanzo. Asidhani ameibiwa: maji yametoka na buni imevimba. Gramu hizo 170 zatosha vikombe vya kahawa ishirini hivi, na kila mtu na alinganishe mwenyewe na bei ya mkebe.

Kisha kuna subira moja ambayo wengi hawaijui. Buni iliyotoka motoni huendelea kutoa hewa kwa siku nzima na zaidi. Ikitwangwa papo hapo kinywaji chake huwa na ukali usiotulia. Ikipumzishwa usiku mmoja au mbili katika chombo kisichobanwa sana, ladha yake hukaa. Baada ya hapo chombo kifungwe vizuri. Yanyweka kwa utamu wake kamili kama wiki mbili, na ikishatwangwa huanza kupungua siku ile ile. Kwa hiyo itwangwe ile ya kutosha leo, na nyingine ibaki nzima. Unga wa dukani, hata ukiwa wa kweli na si wa mahindi, umekwisha kupoteza jambo hili zamani, wala hakuna hila ya kulirudisha.

Juu ya kuchemsha hapana haja ya maneno mengi. Dele lina wazee wake. Gramu 60 kwa lita moja ya maji ni kiasi kizuri. Tangawizi na iliki ni halali ya kila mwenye kupenda, ila kikombe cha kwanza cha buni mpya kinywewe kitupu, hata mtu ajue alichonunua. Sukari isitiwe ndani ya dele. Anayetaka utamu ale tende au kashata pembeni, kama wafanyavyo watu wa pwani.

Yako mateto mawili yasikiwayo kila jambo hili linapotajwa. La kwanza ni kwamba makaa yamekuwa ghali. Ni kweli, wala halijibiwi kwa mzaha. Lakini robo saa ya moto mara moja kwa wiki, ukitumiwa moto ambao tayari umewashwa kwa chakula, si mzigo ulio sawa na kununua mkebe. La pili ni kwamba huku ni kuwaongezea akina mama kazi juu ya kazi, nao wametoka sokoni, wametoka kuanika samaki, na watoto wanalia. Teto hili lina haki zaidi kuliko la kwanza, na jawabu lake lawahusu wanaume. Katika Oman na nchi nyingine za Waarabu, kukaanga kahawa ya wageni ilikuwa kazi ya mwanamume, mbele ya macho ya wageni wenyewe. Alikaa na kaango lake la mkono mrefu juu ya makaa, kisha akatwanga katika kinu cha shaba kwa mapigo yenye mwendo, na mlio wa kinu ukawa ndio mwaliko kwa jirani. Mwaka 2015 UNESCO iliiandika kahawa ya Waarabu katika orodha ya urithi wa watu, kwa ombi la Falme za Kiarabu, Saudia, Oman na Qatar. Haielekei basi kwamba kazi isiyomvunjia heshima mwenye majlisi wa Maskati itamvunjia heshima mwenye baraza wa Minago, ambaye kwa kawaida amekaa saa nzima akiuliza mbona kahawa imechelewa.

Na ikiwa mgeni mwenyewe ni mtu wa milimani, aliyeshuka kwa neno la kiwanja au la posa, basi kaango na liletwe mbele yake, buni zikiwa bado mbichi. Azione, azishike. Huenda akazitambua kuwa ni za upande wake. Huenda akaeleza ni za mvua gani na zilichumwa mwezi gani, kwani msimu huanza Machi ukaenda hata Julai, naye aujua kuliko mwenye nyumba. Kwa robo saa hakuna atakayelazimika kulianza lile neno zito, kwa kuwa wote wanasikiliza buni zikilia. Zile zilizokaangwa juzi ndizo zitakazochemshwa kwa ajili yake, na hizi za leo afungiwe akazinywe kwake. Hakuna mrija, lakini amepewa kitu kilichotoka katika mikono yake kikapita katika mikono ya mwenziwe.

Vijana watakaojaribu wiki hii wasione haya kwa kaango la kwanza. Aghalabu huwa lina madoa, nyingine nyeusi nyingine manjano, maana mwiko ulichoka au moto ulizidi. Na zichambuliwe, zilizoiva zinywewe na wa nyumbani, zilizoungua zitupwe, na safari ya pili makaa yapunguzwe kidogo. Buni zitakazokaangwa Jumatano jioni zitakuwa zimepumzika usiku mbili, na Ijumaa baada ya sala zitafaa kutwangwa.